Tumeishi kwa Matundu ya Simu

Sogeeni wanangu, nyote wawili, wewe kifungua mimba kaa kushoto na wewe dada yake kaa kulia, maana mmeacha kusemeshana tangu zile kava za simu zifike, na mimi sina tena shingo ya kumgeukia mmoja mmoja. Na wewe mkwe wangu zima hiyo redio, jirani asikie vizuri, asije akaongeza ya kwake.

Duka hili mnalogombea, ambalo nyuma ya ukuta wake nimelala, halijawahi kuuza simu hata moja. Marehemu baba yenu alipenda kusema mtegemea nundu haachi kunona, na kweli tulinona: watu walinunua simu kwingine, wakaja kwetu kutafuta chaja, betri, kadi ya memori, waya za masikioni, kioo cha kubandika. Tumeishi kwa matundu ya simu, wanangu, kama panya wa ghalani, na sasa wenye kuziunda wanayaziba. Betri haitoki, kadi haina pa kuingia, waya hauna pa kuchomekwa, na kila tundu likizibwa sufuria yetu inapungua kina. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akitembea kama kaoa binti wa mfalme, siku hizi anauza mayai. Sikusema mimi, kasema mkewe.

Mwanangu, uliagiza kava kabla simu yenyewe haijatoka, kwa kuamini picha iliyokuwa ikizunguka mitandaoni, ili uwatangulie wenzako. Simu ikaja na jicho la kamera upande wa pili, kava zote zikalifumba. Wewe binti ukashika kisu ukatoboa upya, yakatoka matundu kama yametafunwa, na mbele ya wateja ukamwita kaka yako kipofu anayeuzia vipofu. Alilokujibu nililisikia. Silirudii, jirani analingoja.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime; mimi jembe sinalo, na nguvu zimekwisha.

Basi shikeni hili. Duka simwachii mtu, maana duka halipo, yapo maboksi ya plastiki. Bisibisi na koleo achukue binti. Meza ya kioo achukue kaka, akitaka ailalie. Kava zile msimbambikie mteja yeyote kwa ulimi mtamu. Na ule mlango wa bati, mnajua haushuki mpaka ushikwe na wawili, huyu huku na huyu kule, nanyi tangu mgombane mnamwita mlinzi awasaidie. Nendeni sasa mkaushushe wenyewe, kwa mara ya mwisho, niusikie. Mungu awape riziki isiyopitia tundu la mtu mwingine, na awarudishie ndimi zenu. Nendeni.

Mkwe wangu, wewe baki. Nishike mkono... huo, huo wa baridi. Wametoka?

Nasikia bati linakwaruza... upande mmoja. Ngoja kidogo, labda mwenzake anavua viatu.

Upande mmoja tu, mama.

Usiniambie ni nani, mkwe wangu.