Majina Kumi na Moja Kwenye Karatasi

Saa nne asubuhi benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limeshapata wenyewe. Wembe, mwenye duka, hakuwa na kichwa cha kunyoa, akamimina kahawa. Mzee Kufuli, fundi wa vitasa, alikuwa ameshapewa yake. Mitambo, anayetunza kompyuta za zahanati ng'ambo ya barabara, alikuja kifua mbele na karatasi mkononi.

— Wakubwa, nimewanasa wezi wa mafaili ya wagonjwa. Nimeiagiza seva iandike kwenye daftari lake kila anayejaribu kuingia akakwama: saa, na jina alilotumia. Saa sita nampelekea mkuu wa zahanati. Someni.

Wembe akasoma kwa sauti.

— “Kitindamimba3.” “Sitaki_Tena9.” “Kijanichangu77.” Haya ni majina ya watu?

— Ya bandia. Mwizi hatoi jina lake.

— Kumi na moja, akahesabu Mzee Kufuli. Hilo ni genge. Miaka arobaini nafungua vitasa, genge nalijua.

— Na huyu Kitindamimba ndiye mkubwa wao, Wembe akasema. Vitindamimba ni wakorofi. Muulize mama yangu.

— Kwani wewe ni wa ngapi? akauliza Mitambo.

— Wa mwisho.

— Mimi naona hata si watu, Mzee Kufuli akaongeza. Ni ile kompyuta kuukuu mliyoitupa stoo. Inataka kurudi kazini.

Mitambo akacheka, roho kwatu. Hapo akaja karani wa mapokezi wa zahanati, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kijiweni pale.

— Shikamoo mzee. Kaka Mitambo, kompyuta yangu imegoma tena.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Mzee Kufuli.

Macho ya karani yakatua kwenye karatasi.

— Kaka, hii umeitoa wapi?

— Siri za kazi, dada.

— Siri yangu mimi. “Kitindamimba3” ni neno langu la siri. Asubuhi wagonjwa walijaa dirishani, nikaliandika kwenye nafasi ya jina. Ikanikatalia, nikarudia vizuri, nikaingia.

Mitambo akatazama saa iliyoandikwa. Saa mbili na dakika kumi na nne, mtu amekwama. Akakumbuka orodha nyingine ya seva, ya walioingia: dakika moja baadaye, karani. Akashuka mstari kwa mstari: kila palipokwama mtu, punde ameingia mfanyakazi. Yeyote mwenye orodha hizo mbili angejua neno lipi ni la nani.

— Sasa kaka, hilo daftari la seva nani analisoma?

Mitambo ndipo akaona kosa lake. Alikuwa ameliweka kwenye folda ambayo kila mfanyakazi huifungua, ili asisumbuliwe. Kila jioni nakala ilikwenda kwa mafundi wa nje asiowajua hata sura.

Mitambo akaikunja karatasi, akavuka barabara na karani. Alimweleza mkuu yeye mwenyewe, bila kujikosha. Kufikia saa saba daftari lilikuwa limefutwa, na seva ikabaki kuandika saa na kompyuta iliyotumika, si kilichoandikwa. Kisha akapita meza kwa meza, maneno yote ya siri yabadilishwe.

Karani alikuwa wa kwanza. Aliweka vidole juu ya vitufe, akasita.

— Geuka huko, kaka.

Mitambo akageukia ukutani, akangoja.