Mkono Uliogonga Kithitu

Mmeniita niseme Mungu amenitendea nini. Amenitendea mema, nitayasema. Lakini nawaambia mapema, wapendwa, nimesimama hapa na hasira, na nyingine inawahusu nyinyi.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu nilitaka kujua barabara ya Makindu inaishia wapi. Nimeosha malori, nimechoma makaa, mwishowe nikaja hapa Tseikuru kuswaga ng'ombe za watu. Mguuni nilikuwa na kidonda cha mwiba kilichotoa usaha miaka miwili. Sikutulia mahali kikatibiwa. Asubuhi sikunywa chai, nilivuta sigara. Hayo ni makosa yangu, simsingizii mtu.

Kisha fahali wawili wakapotea mikononi mwangu. Mwenyewe akasema nimewauza. Nikala kithitu, kile kiapo chetu Wakamba: nikashika kijiti kwa mkono wa kulia, nikagonga nacho kile kitu cha kuapia, nikasema kama nimewauza, kiniue. Kanisa likanikemea kwamba hayo ni mambo ya shetani. Nikatubu mbele yenu.

Mwezi wa tatu, Jumapili, tukiwa wimbo wa pili, kitabu kikaniponyoka. Nikainama nikiokote, mkono wa kulia ukakataa. Mguu nao. Nikaanguka, mdomo umepinda.

Mnakumbuka mlisema nini? "Kimemshika!" Mama mmoja akamvuta mtoto wake nisimguse. Pikapu ilikuwa pale nje, ina mafuta. Mwenye pikapu akainama juu yangu: "Ungama kwanza, ndugu. Dhambi itoke, halafu tutakupeleka."

Niungame na mdomo upi? Ulimi ulikuwa kama gogo! Nilikuwa nawasikia wote, siwezi kutoa hata neno moja. Mkanilaza kivulini, mkaimba mpaka alasiri mkingojea mwizi aseme.

Mnahubiri kwamba kithitu hakina nguvu. Siku ile mlikiamini kuliko Mungu.

Aliyenibeba ni mfanyabiashara Mwislamu aliyesimama kuomba maji ya lori lake. Akauliza kuna nini, akaambiwa. Akasema, "Huyu ni mgonjwa, si mwizi. Na hata kama ni mwizi, si mumbebe kwanza?" Nikaenda Kitui nimelala kati ya mbuzi zake, kichwa changu mapajani mwa turniboi wake, yule kijana msaidizi wa lori.

Maneno yalirudi polepole, moja moja. Siku moja hospitalini nikajikokota hadi maabara, maana mimi nikiona mlango lazima nichungulie. Damu yangu ilikuwa imesimamishwa ndani ya bomba jembamba la kioo. Nyekundu ilikuwa imezama upesi, juu yamebaki maji ya manjano.

"Hayo maji yana protini, mzee," mpimaji akaniambia. "Mwili ukipigana na kidonda muda mrefu, na moshi juu yake, protini za kugandisha damu huzidi. Chembe nyekundu zinashikana kama sahani zilizopangwa, zinazama haraka. Damu ya hivyo huganda kwa urahisi. Wewe mshipa wa ubongo umezibwa. Presha yako pia iko juu."

"Kwa hivyo kila mwenye damu hii huanguka?"

"Hapana. Wengine huishi nayo. Lakini hatari inakuwa kubwa."

Nikamwuliza lile lililokuwa likinila. "Na kithitu?"

Akacheka. "Mzee, hili bomba halijui uliapa nini."

Ndugu zangu, nililia pale kama mtoto. Hata mimi, niliyejua sikuuza fahali, nilikuwa nimeanza kujiuliza kama niliuza.

Fahali walipatikana ng'ambo ya Tana. Aliyewauza anajulikana, simtaji. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniambia pole. Mmeniita tu nishuhudie.

Basi nashuhudia. Kidonda kimefunga, sigara nimeacha, dawa ya presha nameza. Asante kwa mpimaji yule. Asante kwa mwenye lori na turniboi wake, ambao hawasali nasi. Na asante kwa Mungu, aliyewatuma hao wakati sisi tunaimba.

Kidonda kisichopona kipelekeni hospitali. Na mtu akianguka hapa kesho, mdomo umepinda, msimwulize ameapa nini. Mbebeni. Ufunguo wa pikapu uwe mkononi mwa mtu kabla wimbo haujaisha.

Mkono huu haunyooki tena vizuri. Lakini nauinua hivi hivi, mbele yenu: sikuuza.