Kwa Mwalimu Aliyetufundisha Kuanguka

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mtendaji wa Kata. Padri wetu na Shehe wetu, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja. Mwalimu wetu Dominika Nandonde. Wahitimu wenzangu kumi na mmoja. Wake kwa waume wa Mkomaindo hapa Masasi, na ninyi wageni mliopanda gari alfajiri kutoka Newala: nawasalimu nyote kwa heshima zenu, na kama kuna niliyempita bila kumtaja, anisamehe, maana karatasi ninayo lakini miwani nimeiacha nyumbani.

Nimepewa dakika kumi niseme kwa niaba ya wahitimu. Wenzangu walinichagua kwa kura. Nilipowauliza kwa nini mimi, mwenzetu Petro, fundi baiskeli, akanijibu, "Mzee Mrisho, kati yetu wote wewe ndiye mwenye deni la maneno." Sikubishana naye.

Mheshimiwa Diwani, wewe ni mgeni katika mtaa huu, kwa hiyo nikueleze. Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa huu kwa miaka kumi. Miaka minne iliyopita Mwalimu Dominika alikuja ofisini kwangu na barua. Yeye ni mtoto wa Lulindi. Alipokuwa binti alifanya kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, na huko mzee mmoja wa Kichina, mpima ardhi, akamfundisha taichi, yale mazoezi yao ya polepole, kila asubuhi kabla ya chai. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akajifunza judo, mieleka ya Kijapani, akajifunza yoga kwa mama mmoja wa Kihindi, akajifunza na kuchua mwili kwa namna ya watu wa mashariki, kwa kubonyeza na kunyoosha. Aliporudi nyumbani aliomba chumba hiki, kilichokuwa cha elimu ya watu wazima, kila Jumanne na Jumamosi saa kumi jioni. Alitaka watu wazima tu, wasiozidi kumi na watano. Nikasaini. Nilidhani ni mambo ya mchakamchaka.

Baada ya miezi miwili maneno yakaanza kuletwa kwangu. Wanavua viatu mlangoni kama wanaingia mahali pa ibada. Wanafumba macho, wanapumua kwa pamoja. Mwisho wanajilaza chali, hakuna anayesema wala kutikisika. Siku moja nikaenda kuchungulia dirishani, na kweli nikawakuta watu wanane wazima wamelala mikekani kama maiti. Ndugu zangu, ningeweza kugonga mlango. Ningeweza kuuliza, ninyi mnafanya nini? Je, mwenyekiti wa mtaa anapungukiwa nini akiuliza? Lakini sikuuliza. Siku iliyofuata nilinunua kufuli, nikakifunga chumba hiki, na kwenye mkutano wa mtaa nikasimama nikasema, mbele ya watu zaidi ya mia, kwamba yule mwanamke ameleta mashetani ya ng'ambo.

Jioni ile Mwalimu alikuja nyumbani kwangu. Nilitegemea ugomvi. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Baba Faidha, kama kuna jambo limekukwaza, njoo ukae nasi siku moja. Usifanye lolote, utazame tu."

Nikamwambia, "Mimi sikai na watu wanaojilaza kama maiti."

Akanitazama, akasema, "Sawa, baba. Basi naomba unifungulie tuchukue mikeka yetu."

Nikamfungulia. Wakaibeba mikeka yao kichwani, wakahamia uani kwa Petro, nyuma ya banda lake la baiskeli. Wanne hawakurudi tena, kwa kuogopa maneno ya watu, yaani maneno yangu.

Sasa nimtaje mke wangu, Pili, mama Faidha. Yuko pale mstari wa mbele, na ameniruhusu nimtaje. Mke wangu amezaliwa Makote, wilaya ya Newala, na tangu utotoni ameokota korosho kwa kuinama. Kiuno chake kilikuwa kinamsumbua kiasi cha kushindwa kunyanyuka kitandani bila kushika ukuta. Mwaka ule akaanza kuniaga kila Jumanne na Jumamosi, "Baba Faidha, naenda kikundini." Nami nikajibu, "Haya, wasalimie akina mama." Wanawake wa mtaa huu wana vikundi vingi, vya kuweka na kukopa, vya harusi, vya misiba. Sikuuliza ni kikundi gani. Nilichokiona ni kwamba alikuwa ameacha kushika ukuta, nikasema moyoni, Mungu amejalia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, tulikuwa shambani kwao Makote. Ulikuwa msimu, tumeokota tangu asubuhi, na tulikuwa tunateremka kwenda nyumbani kwa shemeji yangu. Ile njia ni mteremko wa udongo mwekundu, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha. Yeye mbele na ndoo ya korosho kichwani, mimi hatua tano nyuma na kiroba changu. Nikaona mguu wake umenasa kwenye mzizi.

Naomba mnielewe hali yangu wakati ule. Mama yangu mzazi alikufa kwa kuanguka. Alianguka uani kwake, mahali pakavu pasipo na jiwe, nyonga ikavunjika, akalala miezi tisa mpaka Mungu alipomchukua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Kwa hiyo nilipouona ule mguu umenasa, sikumwona Pili, nilimwona mama.

Pili aliiachia ndoo. Akaingiza kidevu kifuani, akalegeza bega la kulia, akabingirika juu ya bega lile kuelekea mgongoni, na kiganja chake cha kushoto kikapiga ardhi, pa. Akakaa kitako. Akajifuta udongo kwenye khanga, akatazama korosho zilivyotawanyika, akasema, "Ah, kazi ya asubuhi yote."

Nilikuwa bado nimesimama na kiroba. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha kuanguka hivyo?"

Akasema, "Mwalimu Dominika."

"Lini?"

"Jumanne na Jumamosi. Huu mwaka wa pili."

"Na kwa nini hukuniambia, mama Faidha?"

Akaanza kuokota korosho zake, hata hakuniinulia uso. Akasema, "Ulishasema mbele ya mtaa mzima. Ningekuambia nini tena?"

Tuliokota korosho zile mpaka jua likakaribia kuzama. Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na nane, tumegombana kwa mengi, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Mke wangu alikuwa akiogopa kuvunjika, akatafuta msaada, na mtu aliyemlazimu kuufuata kwa kificho ni mimi.

Msidhani niliongoka siku ileile. Nilikaa wiki mbili nikijifanya sijasikia. Halafu Jumamosi moja nikaenda uani kwa Petro, nikasema nimekuja kutazama. Mwalimu akanionyesha mahali pa kukaa. Mwanafunzi mmoja, Anjelina, yule mama muuza mihogo mnayemjua, alikuwa amekaa amenyoosha mguu, akimwomba Mwalimu amchue. Ule mguu ulikuwa umevimba upande mmoja, na ulikuwa wa moto. Mwalimu akaushika kidogo tu, akauachia.

Akasema, "Huu siuchui. Nenda hospitali sasa hivi."

Anjelina akalalamika, "Mwalimu, si ulisema unatibu?"

"Nilisema nachua. Huu mguu si wa kuchuliwa. Nikiubonyeza naweza kukuua. Petro, mtafutie bajaji."

Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari alimwambia Anjelina kwamba aliyemkataza asichuliwe ndiye aliyemwokoa. Anjelina amepona, na leo anapokea cheti. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye rundo la matairi ya baiskeli, nikajiambia, katika maisha yangu nimekutana na waganga wengi, na kila mmoja alidai anaweza kila kitu. Huyu ndiye wa kwanza kumsikia akisema mbele ya wanafunzi wake, hili siliwezi. Mtu anayedanganya watu kwa mashetani hasemi hivyo.

Nikamwomba anipokee. Nilikuwa na shaka moja. Nikamwambia, "Nimeona mnainamiana mnapoanza. Mimi Mwislamu, siinami kwa mwanadamu."

Akasema, "Basi weka mkono kifuani, baba. Ninachotaka ni uonyeshe kwamba humdharau mtu utakayemshika."

Tangu siku ile darasa zima tunaweka mkono kifuani, na Petro, ambaye anaimba kwaya, huweka mkono kabla yangu.

Nilijifunza kwa shida. Kupumua nilikuwa najua, au nilidhani najua. Taichi ilinipa tabu ya magoti. Lakini kuanguka ndiko kulikonishinda kabisa. Wiki tatu nilisimama kwenye mkeka, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa miaka sitini na mbili, nikikataa kuuachia mwili wangu. Na nani mnadhani alikuja kunishika mkono? Mama Faidha. Akaniambia, "Usikaze shingo. Huko chini si mbali." Nikaenda chini, nikapiga mkeka kwa kiganja, nikainuka. Nilicheka kama mtoto.

Waheshimiwa, mwezi uleule nilikuja hapa asubuhi na mapema, nikaondoa kufuli, nikampelekea Mwalimu ufunguo wa mlango. Wengi mlidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha, kwa sababu kufuli nililiondoa kimyakimya, lakini yale maneno niliyasema kwa kipaza sauti. Yuster, mmoja wa wale wanne walioondoka, alizuiwa na mumewe kwa maneno yangu, na tangu darasa lirudi hapa amekuwa akipita nje ya chumba hiki Jumanne na Jumamosi bila kuingia. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mumewe, nikamwambia nilikosea. Akanisikiliza, akaniambia atafikiri. Leo nawaona wote wawili wamesimama pale karibu na lango. Sitawasemea lolote. Karibuni, viti vipo.

Kwa hiyo ndugu Mtendaji, naomba uandike. Nilipokuwa mwenyekiti nilisema mbele ya mkutano halali kwamba Mwalimu Dominika Nandonde ameleta mashetani. Nilisema uongo. Sikujua kwamba ni uongo, lakini sikujua kwa sababu sikutaka kujua, na hilo si jambo la kujitetea nalo. Nayafuta maneno yale leo, kwa kipaza sauti kilekile, na nawaomba mliowasimulia watoto wenu mkawasimulie na haya.

Mheshimiwa Diwani, wahitimu hawa kumi na wawili ni wakulima, mafundi, wachuuzi na muuguzi mmoja mstaafu. Walianza na maumivu ya migongo na ya magoti, na wengine ya moyoni ambayo si yangu kuyataja. Kuanzia mwezi ujao wawili kati yao watafungua darasa la watu kumi kule Makote, kwa ajili ya wakulima wa korosho wa Newala. Mmoja ni Petro. Mwingine ni mke wangu. Siku za darasa nitabaki nyumbani Masasi nikijipikia, na tayari nimeonyeshwa chumvi inapokaa.

Nawashukuru nyote kwa kuja, na kwa subira mliyomvumilia nayo mzee akisema makosa yake. Lakini kabla sijarudi kwenye kiti changu, nina jambo moja na Mwalimu. Mimi nina miaka sitini na tano, yeye arobaini na mitatu. Kwa desturi yetu yeye ndiye anayeanza kunisalimu, na hajawahi kukosa hata siku moja, pamoja na siku ile niliyomfungia mlango. Mwalimu, naomba usimame. Usitazame chini, nitazame mimi. Na usikatae, maana hawa wote wanasubiri kusikia utakavyoitikia.

Shikamoo, Mwalimu.