Njia Niliyoipalilia Mahameni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaosoma wenyewe, asifiwe na ninyi mnaosomewa! Na jirani zetu Waislamu, kama maneno haya yatawafikia, salaam aleikum. Mimi ni mama yake Zakaria, mjane, wa Sindeni, Wilaya ya Handeni. Kuandika nimejifunza uzeeni, katika darasa la kisomo, kwa hiyo herufi zangu zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Sitaki mnihurumie kwa hilo. Nataka mnisikilize. Kama una chungu jikoni, epua kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nashuhudia jinsi Bwana alivyonitoa mahameni, kwenye makazi yaliyohamwa na watu, mimi niliyekuwa nimejifunga mwenyewe kwa neno la kinywa changu.

Bwana alinipa watoto, akawachukua wangali mgongoni, akaniachia mmoja tu, Zakaria. Baba yake alikuwa mkata mkonge kule Korogwe. Aliondoka nyumbani mzima, akarudishwa amebebwa, tukamzika. Nikabaki na mtoto na jembe.

Uhuru ulipokuja Zakaria alikuwa mwanafunzi. Akafaulu, akafaulu tena, mwisho akaitwa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusomea udaktari. Ndugu zangu, mimi sikujua Chuo Kikuu ni kitu gani. Nilidhani ni shule kama hizi zetu, ila nyumba zake ndefu. Mwinjilisti ndiye aliyenieleza. Akasema, "Mama Zakaria, kutoka hapa mpaka Mkata hajatoka mwingine." Basi kitongoji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani. Huyu analeta kuku, huyu analeta muhogo mkavu, huyu hana kitu anaimba tu. Jirani yangu Mwanahawa, Mwislamu wa swala tano, mwenye mdomo usiopumzika, alishika dirisha la basi akapiga kelele: "Zaka! Ukishakuwa daktari, anza na goti langu! Mama yako ana magoti mazima, asikudanganye!" Watu wote ndani ya basi walicheka. Mwanangu alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia shingo yake, jinsi ilivyokuwa nyembamba ndani ya ile kola.

Miaka ikapita, akahitimu. Akaja nyumbani na shati jeupe, na watu wakapanga mstari mlangoni kwangu, kila mmoja na ugonjwa wake. Dawa hakuwa nazo, lakini aliwasikiliza wote. Goti la Mwanahawa alilishika kwanza, kama alivyoagizwa. Nikajisemea, sasa nimefika. Mwanangu atakuwa daktari wa Handeni, nami nitamsikia akikohoa chumba cha pili.

Akaniambia, "Mama, serikali imenipangia Shinyanga."

"Kwani Handeni hakuna wagonjwa?"

"Wapo, mama. Lakini kule hospitali nzima haina daktari."

"Na Shinyanga hakuna mama aliyezaa?"

Akasema, "Mama, mimi nimesomeshwa na nchi nzima."

Nikamjibu, "Basi nenda. Siku yoyote utakayorudi, utanikuta hapahapa."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililokuwa kamba yangu. Utanikuta hapahapa!

Barua zake zilikuwa zikifikia kwenye duka la barabarani, na mwinjilisti ananisomea. Nimefanya upasuaji leo, mama. Leo nimezalisha mapacha, mama. Nitakuja mvua zikiisha. Mvua zinaisha, haji. Anaandika kwamba mwenzake amehamishwa, amebaki peke yake, hawezi kuwaacha wagonjwa. Baadaye akaandika kwamba na yeye anahamishwa, anapelekwa mbali zaidi, upande wa Sumbawanga, huko ndani. Halafu mwenye duka akafunga duka akahama, na barua sikuziona tena.

Mnajua hamu, ninyi? Sisemi ile ya kumkumbuka mtu ukipita mahali alipopenda. Nasema ile inayokaa kooni, ukitia tonge halishuki. Nilikuwa nikisikia lori linabadili gia kule mlimani, jembe linaniponyoka mkononi. Nikiona shati jeupe njiani, moyo unaruka, kumbe ni karani wa pamba. Kila Jumapili ombi langu lilikuwa moja: Bwana, mrudishe mwanangu. Waumini waliombea mvua, mimi nilisema mrudishe. Waliombea taifa, mimi nilisema mrudishe.

Na watu wana midomo. Kule mtoni, tulikochimba mchanga tukangoja maji yajitokeze ili tuyachote kwa kata, wanawake walinitania. "Mama daktari, mbona unakohoa? Mwite mwanao!" Mwingine anadakia, "Tulimsindikiza na kuku wetu, kumbe tunawafugia Wasukuma daktari!" Mwanahawa akawageukia: "Kuku wako wewe alikuwa na kideri, mshukuru Mungu kijana hakumla!" Wakacheka, mambo yakapita. Lakini mimi niliondoka na lile neno, na ndoo, vyote vizito.

Ndipo ikaja Operesheni. Tukaambiwa tutoke kwenye vitongoji, tukakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, kwenye shule na zahanati. Watu wakabomoa. Milango ilibebwa kichwani, fito zikafungwa kamba, mbuzi wakapakiwa kwenye lori wanalia kama wanapelekwa machinjioni. Mwenyekiti akaja kwangu. "Mama Zakaria, kesho zamu yako."

"Sihami."

"Kwa nini?"

"Zakaria akija atanikuta wapi?"

"Ataulizia! Mtu aliyesoma mpaka Chuo Kikuu atashindwa kuulizia kwao?"

"Atamuuliza nani, mwenyekiti? Nyani?"

Alikasirika, akaondoka. Akarudi, akabembeleza. Akarudi tena, akatisha. Nikakaa mlangoni na mwiko wangu. Mwisho akasema, "Mwacheni. Upweke utamleta." Mwanahawa alikuwa wa mwisho kuondoka. Alilia, yeye asiyelia. Akasema, "Dada, unamngoja mtu au unangoja kufa?" Nikamwambia, "Wahi lori, litakuacha."

Ndugu zangu, mahame si mahali pa mtu. Mapapai yaliiva yakadondoka, hakuna wa kuyaokota ila nguruwe. Nyumba za majirani zilibaki kuta, kuta zikawa vichuguu. Nilikuwa nasema kwa sauti ili nijue bado nina sauti. Kazi yangu kubwa ilikuwa njia. Kutoka barabara ya vumbi mpaka mlangoni kwangu kulikuwa na njia pana waliyopita watu siku zote, na sasa nyasi zilitaka kuimeza. Nikasema haitamezwa. Daktari huja na gari. Kila palipopambazuka niliipalilia kwa jembe, nikang'oa visiki, nikafukia mashimo. Shamba langu la mahindi lilizongwa na magugu, lakini njia ilikuwa safi kama uwanja wa kanisa. Huo ndio wazimu niliokuwa nao! Nilikuwa nalimia gari lisilokuja, nikaacha kulima chakula.

Mwaka ule mvua ikakataa. Muhogo ukaisha. Kule mtoni mchanga ulitoa tope, kisha haukutoa kitu. Homa ikanishika, nikalala ndani sina maji, sina mtu. Nikaomba ombi lilelile: Bwana, mrudishe. Sasa Bwana, leo!

Na jua likiwa kichwani, nikasikia gari.

Halikupita barabarani. Lilikata kona, likaja kwenye njia yangu. Haleluya, ndugu zangu, mwili uliokuwa hauwezi kugeuka ulisimama! Nilishika ukuta, nikashika mlango, nikatoka nje napiga kelele, "Zaka! Zaka mwanangu!" Akashuka kijana ana shati jeupe. Nikamrukia shingoni, nikamkumbatia, nikanusa.

Hakuwa yeye.

Nikamsukuma. Nikamwambia, "Wewe nani? Nani amekuruhusu kupita njia ya mwanangu?" Kijana wa watu akashtuka. Akasema, "Shikamoo, mama. Nimeona njia imepaliliwa, nikajua kuna watu." Akaona midomo yangu, akarudi garini mbio, akaleta maji. Akanishikia kichwa kama mtoto mchanga, akaninywesha kidogokidogo. Jina lake Festo. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu, injinia wa maji, ametumwa na serikali kutafuta mahali pa kuchimba lambo.

Nikamuuliza, "Unamjua Zakaria, daktari?"

"Simjui, mama. Wanafunzi wa udaktari walikuwa na makazi yao, mbali na sisi."

"Kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Kwenu hakuna maji?"

"Lipo ziwa, mama, hulioni mwisho wake."

"Umeacha ziwa zima ukaja kutafuta maji Handeni! Una akili kweli?"

Akacheka. Akasema, "Ndivyo anavyoniuliza mama yangu."

Nikamuuliza polepole, "Mama yako yupo? Ulimwona lini?" Hapo kicheko kikamwisha. Akakunja turubai ya garini ya kufunikia vyombo vyake vya kazi, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema, "Ni muda mrefu, mama. Kila ninapotaka kwenda, kazi inanishika. Mchungaji wetu ananiandikia kwamba mama anaomba nirudi. Kila Jumapili anaomba nirudi."

Ndugu zangu! Hapo ndipo Bwana aliponikamata! Nilimwona yule mama wa Bukoba, nisiyemjua, amepiga magoti kwenye benchi lake kanisani, anasema lilelile ninalosema mimi. Mrudishe. Na kama Bwana angemjibu wiki iliyopita, nani angeninywesha? Mimi ningekuwa maiti ndani ya nyumba ile, na fisi ndio wangekuwa wachungaji wa kunizika. Nikaona tena, kule Sumbawanga, mwanamke amembeba mtoto anayewaka homa, anakimbilia hospitali, na ndani yuko Zakaria wangu. Na mimi hapa napiga kelele Bwana amtoe pale! Bila kujua naomba nini, nilikuwa naomba mtoto wa mwenzangu afe.

Nililia, Festo akadhani ni homa. Nikasema kwa sauti, mbele yake, "Bwana, mwache. Mwache pale anapohitajika. Na mimi nitoe hapa." Kamba ikakatika! Niliisikia ndani yangu. Utukufu kwa Bwana!

Festo alinipakia garini akanipeleka hospitali ya Handeni. Daktari aliyenitibu alikuwa kijana wa Songea. Nilimshika mkono nikamuuliza jina la mama yake, akanitajia, nami namwombea mama yule mpaka leo.

Nilipopona sikurudi mahameni. Nilishushwa kijijini, na Mwanahawa akasimama mbele ya watu, mikono kiunoni. "Kaja! Malkia wa nyani kaja! Nyani wamekufukuza?" Halafu akanishika, tukalia wote wawili. Vijana wa kijiji walinijengea nyumba. Mwenyekiti mwenyewe alipiga udongo, wala hakunikumbusha maneno yangu, ila alisema, "Mama, ule mwiko umekuja nao?"

Festo alikaa kwetu mpaka lambo likaisha. Alikula kwangu. Ugali wetu wa muhogo, bada, aliutazama kama adhabu, akiulizia ndizi. Nilimwambia, "Kula! Mama yako akiuliza nitamwambia ulikuwa unabagua chakula." Aliniita mama, na nilimgombeza kama wangu. Siku maji ya mvua yaliposimama ndani ya lile lambo, ng'ombe wa Wamasai wakanywa upande ule na sisi tukachota upande huu, nilitamani mama yake aone. Nilitamani sana. Kisha na yeye akahamishiwa Mtwara. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikaangalia shingo yake.

Sasa niseme ukweli, maana mbele za Bwana sisemi uongo. Zakaria hajarudi. Nimemwandikia kwa mkono wangu huu, barua imerudi, wamesema hayupo tena hospitali ile. Hamu haijaondoka. Asubuhi bado inakuja kukaa kooni. Lakini sasa nakula, nalima, nasali na wenzangu, na hamu yangu inaishi pamoja na watu.

Kwa hiyo nawaambia, kina mama mliowapeleka watoto vyuoni: mtumainini Bwana, wala msimwekee masharti ya njia atakayopita. Na pale kwenu kuna mwalimu mgeni, kuna bwana shamba mgeni, kuna nesi aliyetoka mbali anayekula peke yake. Mwiteni. Mpeni kiti. Mwulizeni jina la mama yake.

Na wewe unayesoma haya upande wa Sumbawanga, au popote pale. Ukimpeleka mtoto wako hospitali, ukamkuta daktari mrefu, Mzigua, mwenye shingo nyembamba, jina lake Zakaria, ngoja kwanza amalize kumpima mtoto, usimkatize. Akimaliza mwambie: mama yako amehama. Yuko Sindeni kijijini, nyumba ya kwanza ukitoka lamboni. Amesema ufanye kazi. Amesema pia, siku ukipata nafasi, chungu chako kiko jikoni.