Kamba ya Mzee Hezroni Yapumzika

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa Klabu ya Shengena Rangers unautangazia umma wa Same, wa milimani na wa tambarare, kwamba ile kamba yetu ya katani imestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Siku hiyohiyo amestaafu pia aliyekuwa akiishika, Mzee Hezroni Mmbaga, mtunza uwanja.

Mzee Hezroni alishuka kutoka kijijini kwao Bombo, milimani, mwaka 1994, akakabidhiwa fyekeo, ndoo ya chokaa na uwanja ambao mbuzi waliuhesabu kuwa wao. Mbuzi hawajabadili msimamo, ila wamejifunza kumwogopa. Waamuzi watamkumbuka kwa chai yake ya tangawizi, kali kiasi kwamba kipindi cha pili waliona kila rafu.

Kamba alisokotewa na wakata mkonge, akaifunga vitambaa vyekundu kuonyesha vipimo vya uwanja. Kila ilipokatika aliiunga kwa fundo, kazi ikaendelea. Fundo hula kamba. Hilo kila mfuga ng'ombe analijua. Kwa miaka thelathini hakuna aliyelikumbuka.

Mwaka huu tukapangwa nyumbani na Bahari Kuu ya Dar es Salaam, raundi ya tatu ya Kombe la Taifa. Klabu ya Ligi Kuu ilikuwa haijawahi kukanyaga nyasi za Mzee Hezroni. Hakuomba zawadi ya kustaafu. Aliomba mechi hiyo ichezwe hapa, basi.

Jumatano akaja mkaguzi wa viwanja, Bi. Mwanahalima, na futi yake ya chuma ya kupimia. Nukta ya penalti ilikuwa mita kumi na kidogo badala ya kumi na moja. Kipa wetu Anaeli, aliyefungwa penalti hapo kwa misimu tisa, akaomba mabao yote yafutwe. Mkaguzi hakucheka. Aliagiza mistari ipigwe upya na mashimo yafukiwe kufikia Jumamosi saa sita mchana, la sivyo mechi inakwenda Moshi.

Mzee hakutafuta wa kumsingizia. Alisema kamba ni yake na mafundo ni yake, kisha akapiga simu Bombo. Ijumaa asubuhi baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ambalo kwetu huita watu kuchimba mifereji na kutengeneza barabara, likalia katikati ya uwanja wa mpira. Watu wakashuka na majembe, wakakwangua chokaa ya zamani, wakashindilia udongo, wakamwagilia. Msaragambo hauna mtazamaji: mwenyekiti wa klabu alipewa karai, na tai yake shingoni. Bi. Mwanahalima aliporudi Jumamosi, Mama Ernesta, mke wa Mzee, aliitikia shikamoo yake huku akimkabidhi ndoo, akamwambia kupima kutakuja baadaye. Mkaguzi akamwagilia kwanza. Kisha akapima, akapima tena, akasaini.

Jumapili Mzee alisimama karibu na bendera ya kona na suti yake ya kanisani, na kipindi chote cha kwanza hakuutazama mpira, alitazama mistari. Nahodha Majaliwa aliposawazisha dakika ya themanini, Same nzima iliruka. Mzee naye aliruka, kisha akainama kukagua alipotua.

Sasa anarudi kwenye tangawizi na migomba yake. Klabu imempa futi ya chuma ya mita hamsini, na kamba tumeitundika ofisini, mafundo yakiwa vilevile. Vijana wanafanya mazoezi ya penalti kutoka mita kumi na moja kamili, na msimu ujao kombe litatukuta tayari. Asante, Mzee wetu. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma na mbuzi wenye adabu.

Kwa wanaouliza matokeo: tulitolewa kwa penalti. Tatu zetu zilipita juu ya mwamba.