Fundi Patasi na Makaburi ya Kilimani

Ndugu waombolezaji,

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Fundi Patasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kifungua mimba wa mchoma matofali na mfua nguo.

Alisoma hadi darasa la saba na kumaliza akiwa wa kwanza, lakini nafasi ya sekondari akapewa mtoto mweupe aliyekuwa wa nne. Mwalimu alimfariji hivi: "Watu wa rangi yenu akili iko mikononi." Marehemu alimsamehe. Sisi bado.

Mwaka 1967 aliingia karakana ya kuchonga mawe ya makaburi. Alichonga majina ya weupe waliozikwa kilimani, kwenye udongo mkavu na kivuli. Weusi walizikwa huku bondeni, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji.

Tarehe 20 Aprili 1979 alimzika mama yake mvua ikinyesha. Kaburi lilijaa, jeneza likaelea. Mchimba kaburi akamwambia, "Fundi, simama juu yake, la sivyo hashuki huyu." Akavua viatu, akasimama juu ya mama yake mzazi mpaka udongo ukamfika magotini. Wiki iliyofuata alianza kudai kilima kiwe makaburi ya watu wote, na hakunyamaza tena.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye ulimi wake. "Wenzangu wanajengewa nyumba," alikuwa akimtania, "mimi wangu ananihangaikia shimo!" Hata hivyo ndiye aliyemshonea mabango, na ndiye aliyempelekea chai mahabusu kila alipokamatwa.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Huyu alivumilia, akala mbichi. Mwaka 1998 kanuni ya kuzika watu kwa rangi ilifutwa. Wakubwa walimpa mkono, wakamwomba achonge jiwe la langoni: MAKABURI YA WATU WOTE. Alilichonga bure, huku akilia kwa furaha.

Vumbi la mawe lilikwisha kumla mapafu. Januari mwaka huu alilazwa, na alipoona safari imewadia alimtuma mkewe ofisi ya makaburi kumwombea nafasi kilimani. Karani alimkaribisha kiti, akamjibu kwa adabu zote: "Mama, siku hizi hatuangalii rangi. Ila nafasi ni chache, kwa hiyo tunawapa wenye ndugu waliozikwa huko."

Mkewe alipomfikishia jibu, marehemu alicheka mpaka akakohoa damu.

"Basi mmoja wenu atangulie, anishikie nafasi."

"Na huyo ataingia kwa ndugu gani, mume wangu?"

Hapo kicheko kikamkatika. Akageukia ukutani, na tangu hapo hakulitaja tena suala la kilima. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ofisi imetuma shada la maua. Tunashukuru.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Kwa kanuni hiyohiyo ya ndugu, wote hao tayari wana nafasi zao hapa bondeni, na hakuna atakayewanyang'anya.

Mungu amlaze mahali pema, maana sisi tumeshindwa.