Chumba cha Gitaa Kisiwe Stoo ya Viti

Mheshimiwa Mchungaji Josiah, Mwenyekiti wetu Mzee Kimani, Mama Maryanne na kina mama wote wa kwaya, ndugu wageni waalikwa mliotoka mbali, hata kule Upplands Väsby, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mlio pale nyuma mkijifanya hamsikii Kiswahili: hamjambo.

Naanza kwa kuomba radhi. Hotuba hii niliombwa kabla theluji haijaanguka, na nimeiandika wiki hii, ndani ya metro, kati ya Vällingby na hapa Hagsätra, mtoto mdogo akiwa ameulalia mkono wangu wa kuandikia. Kila nilipotulia niandike, nilisinzia. Kwa hiyo mkisikia sentensi imekatikia njiani, mjue hapo treni ilifika.

Mimi ni Wilkister, mama Tiana. Sikusomea muziki. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nikitoka huko hata miguu siisikii. Lakini leo tunamuaga Gaël, mwalimu wa gitaa wa watoto wetu, anayehamia Luleå, kaskazini kabisa mwa Sweden, kumfuata mkewe aliyepata kazi huko. Na baada ya chakula kamati itaamua kama kile chumba cha chini alichofundishia kila Jumamosi kiendelee kuwa cha muziki, au kiwe stoo ya viti. Ndiyo maana nimesimama, ingawa ningependa zaidi kukaa.

Wengi wenu mmeniuliza, na wengine mmeuliza kwa sauti ya juu: kwa nini Gaël, Mkongomani aliyezaliwa katikati ya rumba, anawafundisha watoto wetu rock and roll, kelele za Wazungu? Ndugu zangu, swali hilo lilifika kwangu kabla halijafika kwenu.

Mwaka jana Tiana alibeba gitaa lake kwenda shule. Mwenzake wa darasa, Axel, akamwambia, "Rock ni yetu. Ni ya babu yangu. Nyinyi mna ngoma." Axel hakuwa na ubaya. Babu yake ana lile gari refu la zamani la Kimarekani, lenye mapezi nyuma kama samaki. Magari hayo mmeyaona yakizunguka polepole wakati wa kiangazi, madirisha wazi, muziki juu. Mtoto akadhani muziki wenyewe ulizaliwa gerejini kwa babu. Jumapili iliyofuata, papa hapa, Mzee Kimani akamkuta na gitaa lile lile akamwambia, "Mjukuu wangu, hiyo waachie Wazungu. Si yetu." Mzee, najua ulisema kwa upendo. Lakini jioni ile mtoto alilisukuma gitaa chini ya kitanda.

Nikamwuliza, leo hupigi?

"Nej, mamma."

Akakataa kwa Kiswidi, akageukia ukutani. Shuleni wamesema si lake, kanisani wamesema si lake. Sasa ni la nani?

Mimi nilikuwa na nguo za kufua. Jumamosi nikambeba mdogo, nikamshika mkubwa mkono, nikamshusha kule chini, nikasema: mwalimu, zungumza naye, mimi nimechoka.

Gaël alichukua gitaa lake. Aliuliza tu, "Bon, zile mamans za kwaya zinaimba nini kule jikoni?" Mama Maryanne na wenzake walikuwa wanakaanga mandazi, wanaimba wimbo wao wa sifa kama kawaida. Gaël akaufuata kwa gitaa, taratibu. Kisha akaongeza mwendo kidogo. Kisha akachomeka waya kwenye spika, nyuzi nene zikaanza kutembea kama mtu anayewahi treni. Na kule jikoni hawakunyamaza! Walikwenda naye, wakipiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, la pili na la nne. Gaël akafungua mlango.

"Maman Maryanne, unajua hapa unapiga rock and roll?"

"Mimi? Shetani ashindwe!"

"Haya, ashindwe. Lakini mikono yako inaendelea."

Na kweli ilikuwa inaendelea, imejaa unga mpaka viwikoni. Mama Maryanne, usinikazie macho, tulikuwepo. Tiana alicheka mpaka akakaa sakafuni, na hapo ndipo Gaël akamweleza, nami nikisikia kwa mara ya kwanza, kwamba muziki huu haukuzaliwa gerejini wala kuzimu. Uliletwa na watu weusi wa Marekani, wajukuu wa watu waliouzwa, walioimba wakivuna pamba, wakapiga makofi makanisani namna ile ile ya jikoni kwetu, na wikendi wakaimba blues, nyimbo za mapenzi na za mfuko mtupu. Walipohamia mijini kutafuta kazi, gitaa la mbao lilimezwa na kelele, wakalitia umeme. Wakachanganya na nyimbo za majirani zao wazungu wa mashambani, maana redio haina ukuta. Kufika miaka ya hamsini ulikuwa na jina jipya, vijana wa kila rangi wakaucheza, na wengi wa walioanza wakabaki wakitazama wengine wakitajirika. Wachungaji wa siku zile nao waliukemea sana. Mchungaji Josiah, hukuanza wewe.

Kisha ukavuka bahari. Hapa Sweden vijana waliucheza wawili wawili, na wazee ninaowaogesha leo bado wanazijua zile hatua, hata yule anayelisahau jina langu kila asubuhi. Nyanya yangu aliucheza kwa mtindo wa twist kule Nairobi, kwa kumficha baba yake. Na leo, ni wimbo gani usio na lile pigo? Sikilizeni drams zetu za Jumapili. Sikilizeni simu za watoto wenu.

Tiana alilitoa gitaa chini ya kitanda. Sikumlazimisha. Na Axel yule yule sasa anakuja kila Jumamosi, anapiga drams. Tukiimba bado anapiga makofi kwenye pigo la kwanza na la tatu. Tunamvumilia.

Gaël, hukuwahi kumwambia mtoto wangu kwamba yeye ni wa hapa au wa kule. Ulimfungulia mlango wa jikoni akajionea. Mimi mamake sikuwa na nguvu ya kufanya hivyo, na sitasahau.

Ndugu wanakamati, nawaheshimu, ila katika hili sirudi nyuma. Viti vinaweza kupangwa kwenye korido. Watoto hawawezi. Isra, binti wa Bwana Hamid, amekubali kuwafundisha wadogo, mradi awepo mtu mzima wa kukaa nao. Huyo mtu mzima ni mimi. Nitakaa. Pengine nitasinzia, lakini nitakuwepo.

Kwa kunivumilia mpaka kituo hiki cha mwisho, asanteni sana. Nimebakiza mahitaji tu. Gaël, ukifika Luleå usinitumie salamu peke yake. Nitumie nyuzi mbili nyembamba za sauti ya juu, ndizo Tiana anazokata. Nitumie ule mkanda mfupi wa bega uliouchukua kwa bahati mbaya. Nitumie sauti yako ukipiga zile nyuzi nene, polepole, si kwa mbio zako za kawaida. Kamati, mimi nahitaji ufunguo, leo, kabla vyombo havijaoshwa. Mzee Kimani, tuletee spika ile iliyolala bure nyumbani kwako, na uje nayo mwenyewe, Tiana anataka umsikie. Na kina mama, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nitumieni mmoja wenu, yeyote mwenye mapaja mapana, anishikie mtoto.